Fungu la Mashuka Saba

Umewahi kulitazama shuka la mgonjwa ukajua usiku wake ulikuwaje? Watu wengi huona uchafu tu. Lakini dobi wa hospitali moja, mama wa miaka hamsini na kitu, vidole vimejikunja kwa maji na sabuni, aliyasoma mashuka kama wengine wanavyosoma barua. Lililosokotwa katikati, huyo alipigana na maumivu. Lenye jasho upande mmoja, huyo ana homa na hageuki. Na lile lililonyooka kabisa, mh, hilo alilifanyia ishara ya msalaba kabla ya kulitia majini.

Asubuhi hiyo alikuwa anachambua mafurushi yaliyoshushwa kutoka wodini. Mvuke ulijaa chumba hadi dirisha likawa kama limetiwa maziwa. Mashine zilikuwa mbili, moja ilikufa mwaka juzi, wakaigeuza meza ya kuwekea mabeseni. Katika mashuka ya wodi ya nne alitafuta moja, lenye fundo dogo la uzi wa buluu kwenye pembe. Alishona mafundo kama hayo kwenye mashuka mawili, buluu, rangi ya Mama Maria, akamwomba mhudumu wa wodi ayatandike kwa zamu kwenye kitanda cha kumi na mbili. Hapo alilazwa kitinda mimba wake, binti wa miaka kumi na tisa, mwenye uvimbe tumboni. Leo saa nane mchana wangempasua.

Siku tisa mama hajamwona. Kutoka chumba cha dobi hadi mlango wa wodi ni hatua sitini, alizihesabu. Lakini wagonjwa walionwa saa sita hadi saa saba mchana, kisha saa kumi hadi kumi na moja. Madobi walikula saa saba, wakatoka saa kumi na mbili, Jumapili ikiwemo. Aliyepanga saa hizo hakuwa na mtu wodini.

Alilitandaza lile shuka la fundo la buluu juu ya meza. Katikati lilikuwa laini, halijaguswa. Makunyanzi yote yalikuwa ukingoni.

"Hakulala," alisema polepole. "Alikaa hapa, miguu chini, hadi kulipokucha."

"Ana hofu, mtoto wa watu," alijibu Shangazi Pasi. Huyo ndiye mpiga pasi, mkubwa wa umri, mashavu yamekoza rangi kwa joto. "Sasa wewe si uende?"

"Niende vipi, shangazi? Mwenzetu yule mwezi jana aliomba saa moja akamzike mjomba wake. Akapewa saa zote zilizobaki za maisha yake."

Shangazi Pasi alicheka, kisha akaacha, maana ilikuwa kweli. "Na novena yako?"

"Leo ya tisa."

"Umemwambia Mama Maria unataka nini?"

Siku nane za sala hiyo ya siku tisa dobi amewaombea marehemu, wagonjwa wa wodi zote, mapadre, amani, hata msimamizi wao aongezewe upole. Haja yake mwenyewe aliiacha mwisho, kama mama mwenye adabu anayejipakulia baada ya wote. Na kila siku alipofika mwisho, sufuria lilikuwa tupu.

"Mimi sikusoma sana," Shangazi Pasi alisema, akilowesha kidole na kukigusisha pasi, tss. "Lakini kwenye ile arusi ya Injili, Mama Maria aliona divai imeisha, akasema imeisha. Hakuzunguka. Na hakungoja aulizwe. Wewe unataka aseme kwa niaba yako, na mdomo Mungu kakupa."

Saa tano wakaanza kukunja yale makavu. Mashuka hufungwa kumi kumi, na dobi alikuwa na mtindo wake: kila shuka Salamu Maria moja. Akianza fungu, Baba Yetu. Akikaza kamba, Atukuzwe Baba. Mafungu matano, rozari imetimia na toroli limejaa. Miaka kumi na mitatu hakukosea hata shuka moja. Mikono na midomo ililindana.

Mashuka yaliyobaki kwenye kamba uani yalikuwa yanajaa upepo na kutulia, yanajaa na kutulia, kama kifua cha mtu aliyelala. Kengele ya saa sita ikalia. Wenye wagonjwa wakaanza kupita na vikapu. Dobi alikuwa kwenye fungu la tano, shuka la saba, alipoona miguu midogo chini ya mashuka. Alijua haipo. Ilikuwa miguu ya binti yake akiwa na miaka minne, siku alizomleta kazini kwa siri, akajificha kati ya nguo akicheka, "Mama, nitafute!" Na yeye alikuwa akijifanya hamwoni, anapita huku, anapita kule. Weupe ukamzunguka, ukawa hauna mlango wala ukuta. Midomo iliendelea, mara moja, mara mbili, mara tatu. Mikono ilisimama wazi mbele ya kifua, kama imeshika mtu.

Kisha akasema Atukuzwe Baba, akakaza kamba, toroli likaenda.

Haikufika robo saa, Bwana Saa akaingia. Ndivyo walivyomwita msimamizi, kwa sababu alizungumza na watu huku anaitazama saa yake ya mkononi. Fungu alilibeba kwapani.

"Nani kafunga hili?"

"Mimi, bwana mkubwa."

"Hesabu." Akalitupa mezani.

Alihesabu. Saba. Akahesabu tena, akafika saba, na hapo hapo akayajua matatu yaliyokosekana. Aliyasalia. Hakuyakunja.

"Matatu yako wapi? Wodi wamenipigia simu mimi! Leta mkoba wako."

"Bado yako kwenye kamba, bwana. Tazama, yale pale." Mkoba aliuleta hata hivyo. Bwana Saa akatoa leso, chupa ya maji, kitana, rozari ya mbao iliyopungukiwa punje mbili. Akaishika rozari kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa.

"Kwa hiyo unasali kwa saa za serikali."

"Mikono haijawahi kulala, bwana," Shangazi Pasi alidakia.

"Sijakuuliza wewe, bibi." Akatazama saa. "Sita na ishirini na tano. Nyie watu mna shida gani? Mnapewa kazi, mnapewa sare, mnapewa na sabuni. Sasa wewe mama, niambie, unataka nini hasa?"

Lilikuwa swali la kufokea. Jibu lake lilijulikana, wote walishalitoa kwa miaka: samahani, bwana mkubwa, haitarudiwa. Pasi ilitoa mvuke. Uani mashuka matatu yalijaa upepo, yakatulia, na chini yake hapakuwa na miguu.

Dobi alinyoosha mkono akaichukua rozari yake. Akafungua vishikizo vya aproni, kimoja kimoja, akaikunja katikati, akaikunja tena, akaiweka juu ya lile fungu. Likawa na vitu vinane.

"Nataka kwenda wodi ya nne, kitanda cha kumi na mbili," alisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko alivyodhani. "Nataka nimshike mwanangu mkono kabla hawajamchukua."