Ukoko wa Mama Sufuria

Watoto wa shule walimwita Mama Sufuria, na hakuona ubaya. Nyumbani hakukuwa na wa kumwita jina lolote. Mume alishatangulia mbele ya haki, mwanawe wa pekee alihamia mbali, na simu zake zilikuja kwa nadra. Chumba alichopanga kilikuwa na viti viwili. Kimoja alikitumia kuwekea nguo.

Kazi yake ilikuwa kupika chakula cha mchana cha bure, kile cha mpango wa serikali kwa watoto ambao makwao jiko haliwashwi kila siku. Wali na maharage, basi. Kengele ikilia, kelele zilijaa mpaka darini. Watoto wakishatoka, kimya kilirudi kukaa naye kama mkwe asiye na maneno.

Kisha akatokea Chiriku. Jina hilo alipewa na Mama Sufuria mwenyewe, maana kibinti kile hakikujua kufunga mdomo. Wenzake wakiondoka, yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisubiri ukoko, ule wali mkavu unaogandia chini ya sufuria.

"Shikamoo bibi. Leo upo mwingi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Upo. Haya, nipe habari."

"Bibi, mwalimu wetu wa hesabu anasinzia kasimama!"

Mama Sufuria alicheka mpaka akashika mbavu. Alikwangua, Chiriku akatia ukoko kwenye mfuko wa nailoni, na soga zikaendelea. Bibi! Neno hilo alikwenda nalo mpaka nyumbani.

Basi akaanza ujinga. Moto aliuacha mkali, wali hakuugeuza kwa wakati, ili ukoko uwe mnene na mgeni wake asikose sababu ya kurudi. Lakini tuseme ukweli: wali unaogandia sufuriani ni wali usiofika kwenye sahani. Watoto wa mwisho kwenye foleni wakawa wanapata nusu upawa. Alipowaona wakitazama sahani zao, aligeukia pembeni. Aibu aliiona, ila upweke ulimzidi nguvu.

Siku moja Chiriku alikuja amenuna.

"Bibi, usiuunguze sana bwana. Jana mdogo wangu alilia. Niliuloweka, bado ukawa mgumu. Ana meno manne tu."

Mama Sufuria akaacha kukwangua. "Mdogo wako? Si unakula wewe njiani?"

"Mimi si nimeshashiba hapa? Mama anatoka alfajiri kwenda kufua nguo za watu. Jirani anamwangalia tu mtoto, hampi kitu."

Ilimuuma. Kumbe mtoto hakumfuata yeye, alifuata ukoko. Na kulikuwa na jambo ambalo Chiriku hakulijua: zahanati ya pale karibu iligawa uji wa lishe kwa watoto wachanga, bure, kila siku, saa hiyohiyo ya soga zao. Akimwambia, atabaki peke yake.

"Nitapunguza moto," akasema tu.

Nyumbani alisukuma sahani yake kando. Meno manne! Mtu mzima na akili zake, anamnyima mtoto uji ili apate wa kupiga naye soga.

Kesho yake aliacha vyombo vichafu, akamshika Chiriku mkono. Walimpitia mdogo mtu kwa jirani, na Mama Sufuria alipombeba mgongoni alishtuka kwa wepesi wake. Muuguzi alimpima, akakunja uso, akamwandikisha. Mtoto alikunywa uji wote, kisha akang'ang'ania kikombe kwa mikono miwili.

"Bibi, ona, anacheka!" Chiriku alisema.

Siku iliyofuata watoto wa mwisho kwenye foleni walipata sahani zilizojaa. Chakula kilipokwisha, Chiriku alipita dirishani mbio.

"Bibi, nawahi uji!"

"Wahi, usije ukakosa!"

Alikuwa amefanya jambo jema, na alilijua. Siku hiyo alimaliza kuosha mapema kuliko kawaida. Akafunga jiko, akabaki amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, maana hakukuwa na mtu wa kumwahi.