Aliyekuja na Baiskeli

Habari hii nimepewa na Mwamvita, Ijumaa iliyopita, tukichambua mchele wa hitima nyumbani kwa jirani yetu Zuena. Mwamvita humfulia Bi Bahiya siku tatu kwa wiki, na si mtu wa kutia chumvi. Ukimuuliza nazi zilikuwa ngapi atakwambia tatu, na moja mbovu. Mengine hakuyaona kwa macho yake, aliambiwa na Bi Bahiya mwenyewe.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Bi Bahiya alikuwa uani kwake, Temeke Wailes, amekaa kwenye kigoda, miguu ndani ya beseni la maji. Alikuwa na siku arobaini na mbili za eda. Mumewe, Mzee Mohammed, aliyekuwa na duka la misumari na rangi, alikwishazikwa, arobaini ilikwishasomwa, na mikeka ya kuazima ilikwisharudi kwa wenyewe. Mwamvita aliinama kuokota sabuni iliyotumbukia, akatia mkono ndani ya beseni, akautoa upesi. Maji yalikuwa ya moto, na miguu ya Bi Bahiya imekwiva kama kamba wa kuchemshwa.

"Mie naona ya baridi," Bi Bahiya alisema.

Wakaenda zahanati, maana eda haimzuii mgonjwa kutibiwa. Nesi Benedicta akampima sukari, akamchoma nyayo kwa ncha ya kalamu hapa na pale, Bi Bahiya asijue anachomwa wapi. Nesi akasema lazima miguu ifanye kazi. Kila jioni atembee nusu saa, kuzunguka uani kwake kunatosha, lakini asitembee peke yake, kwa sababu mguu wenye ganzi hauoni shimo. Akaandika kwenye daftari la kliniki: Ashikwe mkono.

Bi Bahiya ana watoto watatu, na wote wako mjini hapa hapa. Yazid anakaa Buguruni na kazi yake iko Kurasini, anatolea watu mizigo bandarini. Shaima ameolewa Kinondoni. Manal yuko Kigamboni, ng'ambo ya daraja. Mwamvita aliupiga picha ule ukurasa wa daftari akawatumia kwenye kundi lao la simu. Yazid akajibu kwamba meli haijui jioni. Shaima akasema kwa foleni ile afike Temeke saa ngapi na arudi kumpikia mume saa ngapi. Manal ana watoto wadogo. Hakuna aliyesema uongo. Baadaye Manal akaandika kwamba kwani lazima atembee, si kuna baiskeli za mazoezi, za ndani, mtu anakaa ananyonga na haendi popote wala haanguki. Wenzake wote wakaweka dole gumba.

Yazid akampigia mama yake simu. Akamwambia avumilie miezi hii ya eda na baiskeli, na eda ikiisha atakuja mwenyewe na gari kumchukua, akae kwao kwa zamu, na jioni watamtembeza. Aliapa. Bi Bahiya akamwomba Mwamvita amshushie begi juu ya kabati, lile la umra. Akatia ndani magauni mawili, kanga pea moja na dawa za akiba, akaliweka nyuma ya mlango wa sebuleni.

Kurasini, nyuma ya yadi za makontena, yupo bwana mmoja anaitwa Elibariki anayeuza vyombo vya mazoezi vya mtumba. Baiskeli zake zimepangwa chini ya turubai, na kila moja imekuja na mtu aliyekuwa akiipanda zaidi huko ilikotoka. Wenye kazi hiyo wanalijua jambo hili, na Elibariki humwambia mteja mapema asije kulaumiwa. Mpya haina mtu, lakini mpya chuma chake chepesi, haimalizi mwaka.

"Braza, usitazame rangi," alimwambia Yazid. "Shika gurudumu. Likiwa zito, linazunguka taratibu, goti la mama halishtuki. Halafu tazama kiti. Mtu mzima anataka kiti kipana chenye mgongo, na hapa katikati pawe chini, apitishe mguu bila kurukia. Pedeli ziwe na mkanda, maana umesema miguu ina ganzi. Ukishapata hayo, ndiyo umtazame mtu."

Iliyokuwa bora kwa chuma ilikuwa na bwana mnene, mwekundu, kifua wazi, ananyonga huku jasho linamtiririka na haliishi. Yazid alikwishaanza kutoa simu alipe, akakumbuka eda. Akampigia Maalim Abdulsamad, aliyemswalia baba yake, akamweleza mambo yalivyo. Maalim akauliza kama huyo bwana anaona. Yazid akapunga mkono mbele ya uso wake, yule bwana akapepesa macho.

"Maiti haoi," Maalim alisema. "Lakini macho anayo. Mama yako hawezi kukaa eda na macho ya mwanamume chumbani. Tafuteni ya mwanamke."

Ya pili ilikuwa safi kama imetoka dukani jana, na juu yake hapakuwa na mtu, palikuwa na makoti manne yametundikwa kwenye usukani, yanatona maji. Elibariki akaeleza kwamba hiyo haikupandwa hata siku moja, walikuwa wanaanikia nguo. Yazid akatazama lile dimbwi chini akaona sakafu ya mama yake itaharibika. Ya tatu ilikuwa na msichana mzuri, ananyonga kwa kasi, analia. Alikuwa analia tangu kontena lilipofunguliwa. Manal, aliyetumiwa picha, akasema hapana, mama naye atalia, na kilio cha matanga kimeisha.

Ya nne ilisimama mwisho kabisa, karibu na ukuta. Gurudumu zito, kiti kina mgongo, mikanda mizima, ila kioo cha kuhesabia mwendo kimekufa. Juu yake alikaa bibi wa kizungu, nywele nyeupe fupi, sweta la buluu lenye vifungo, ndara za manyoya miguuni. Alikuwa ananyonga polepole kama anayesaga mtama.

Yazid akampigia mama yake simu ya picha, akamwomba Elibariki asogee pembeni asionekane. Bi Bahiya akamtazama yule bibi kwa muda. Yazid akamsifia gurudumu na mikanda. Bi Bahiya hakuuliza gurudumu.

"Anatazama wapi huyo?" aliuliza.

Yazid akageuka. "Getini. Pale watu wanapoingilia."

"Mlete huyo."

Baiskeli ikaletwa kwa kigari cha kirikuu, yule bibi juu yake, ameshika usukani kwenye matuta. Ikawekwa sebuleni juu ya mkeka, kuelekea dirishani ili Bi Bahiya apate upepo. Asubuhi Mwamvita alipoingia aliikuta imeelekea mlangoni. Akaigeuza. Siku ya pili ilikuwa imegeuka tena, na Bi Bahiya akasema iachwe, mwenyewe ndiko anakotaka.

Jioni ya kwanza Bi Bahiya alisimama kando ya baiskeli hajui aombeje. Akamwambia yule bibi kwamba yeye ni mgonjwa na nesi ameamuru. Yule bibi akasikiliza mpaka mwisho, akashuka. Akamshika Bi Bahiya mkono, akainama akamwingiza mguu kwenye pedeli, akaukaza mkanda, akaenda upande wa pili akafanya vile vile. Mkono wake ulikuwa baridi kidogo, kama mkono wa mtu aliyetoka kuosha vyombo. Akasimama pale nusu saa nzima, kiganja kimoja mgongoni kwa Bi Bahiya. Kisha akamshusha, akapanda yeye.

Ikawa hivyo kila siku baada ya alasiri. Bi Bahiya alimwita Mwenzangu. Mwenzangu hakujua Kiswahili, na Bi Bahiya hakujua lugha ile, lakini walizungumza sana. Mmoja alimaliza maneno yake, ndipo mwenziwe akaanza. Chai iliwekwa vikombe viwili. Cha Mwenzangu kilipungua kidogo tu, kama kinavyopungua kikombe cha mgeni aliyekula kwao. Jambo moja hakuliweza. Bi Bahiya alipojaribu kumvuta watoke uani wakazunguke, Mwenzangu alifika ukingoni mwa mkeka akasimama. Hakuvuka. Bi Bahiya akatazama uani, akarudi akakaa.

Siku moja Bi Bahiya alimwonyesha picha ukutani, akainua vidole vitatu. Akavishika kimoja kimoja: Buguruni, Kinondoni, Kigamboni. Mwenzangu akainua viwili. Akavitazama, halafu kwa vidole vile vile viwili akagonga usukani wa baiskeli, mara mbili. Bi Bahiya akauliza, "Nao ndio waliokununulia?" Mwenzangu akapiga usukani tena. Mwamvita alikuwa anapiga pasi pale pale. Anasema baada ya hapo wote wawili walitazama mlangoni, na yeye akatazama pia, hakukuwa na mtu.

Sukari ikashuka. Nyayo za Bi Bahiya zikaanza kuhisi ncha ya kalamu, kwanza kisigino, halafu kidole gumba. Nesi Benedicta akafurahi, akamuuliza nani anayemsaidia nyumbani.

"Mgeni," Bi Bahiya alisema.

Nesi akaandika: Ana mtu wa kumshika.

Ukurasa huo nao ukapigwa picha ukatumwa. Watoto wakashukuru Mungu. Shaima, aliyekuwa akija Jumapili moja na kuacha moja, akapiga simu badala ya kuja, akasema moyo wake umetulia sasa. Manal alikuja mara moja na mchuzi wa samaki, akamsalimia Mwenzangu shikamoo kwa heshima zote, akasahau hotpoti yake mezani. Akapiga simu akiwa darajani kwamba atapita kuichukua. Mwezi ukaisha, hotpoti ipo mezani. Bi Bahiya akaagiza mlango wa mbele uwe unarudishwa tu, usitiwe komeo mchana, Manal asije akagonga watu wasisikie.

Miezi minne na siku kumi ikatimia Jumamosi. Bi Bahiya akavuliwa nguo nyeupe za eda, akaogeshwa, akavishwa gauni jipya la zambarau, akafukizwa udi. Alimpaka Mwenzangu mafuta kidogo ya mawaridi kwenye vifundo vya mikono. Watoto wote watatu walikuja, kabla ya adhuhuri, na pilau na wajukuu. Nyumba ikajaa. Yazid alikuja na gari. Mwamvita alilisikia likizima, akamwona Bi Bahiya akigeuka kutazama begi lake nyuma ya mlango.

Walikula vizuri. Mjukuu mmoja alitaka kupanda baiskeli, Mwenzangu akampakata. Yazid alilichukua daftari la kliniki akasoma kwa sauti namba za sukari tangu mwanzo hadi mwisho, kila namba ndogo kuliko iliyotangulia, na wote wakaitikia alhamdulillah. Akasifu chaguo lake. Akasema Kurasini nzima usingepata gurudumu kama lile.

Bi Bahiya akangoja vyombo vitolewe. Kisha akasema, "Eda imeisha, Yazid."

"Imeisha, mama. Hongera."

"Ulisema nitakaa kwenu kwa zamu."

Yazid akamtazama Shaima, Shaima akamtazama Manal, Manal akamtazama Mwenzangu. Mwenzangu alikuwa ananyonga.

"Lakini mama, si una mtu?" Manal alisema. Alisema kwa upole kabisa. "Sie tungekufanyia nini zaidi ya huyu? Hatoki, halali, hana foleni. Kwetu ungekaa peke yako mchana kutwa."

"Huyu hafiki uani."

"Uani kuna nini, mama? Nusu saa yenu si mnaimaliza humu humu."

Bi Bahiya akasema ni kweli, nusu saa wanaimaliza humu humu.

Wakaondoka mapema, saa nane kasoro, kuikwepa foleni. Shaima alipokuwa anavaa viatu aliliona begi. Akauliza ni la nini. Bi Bahiya akasema ni la nguo. Shaima akamshauri azitoe, zitaota ukungu, na akamkumbatia, na akanusa udi shingoni mwake akasema mama ananukia. Yazid alipiga honi mara mbili kwenye kona, kama afanyavyo. Manal alibeba sufuria ya pilau, akaacha hotpoti zote mbili, ya zamani na ya leo. Akasema kutokea dirishani mwa gari kwamba atapita kuzichukua.

Mwamvita akaosha vyombo. Alipoingia sebuleni kufuta meza, begi lilikuwa wazi juu ya kiti, na magauni mawili yametundikwa kwenye usukani wa baiskeli yakipigwa na upepo. Mwenzangu alikuwa ameyasogeza kidogo upande mmoja asizuiwe kuona. Bi Bahiya amejinyoosha juu ya mkeka, chini ya pedeli, na gauni lake jipya. Alisema ataondosha uchovu kidogo kabla ya alasiri, na kwamba mlango urudishwe tu. Mara akalala.

Mwamvita akamfunika kanga miguuni. Akakaa naye, kichwa ameegemeza ukutani, anatazama gurudumu likizunguka. Anasema lilianza kupunguza mwendo. Kichwa cha Mwenzangu kikashuka kidogo kidogo mpaka kidevu kikagusa sweta, macho yakafumba, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alipomwona hatazami mlangoni. Gurudumu likaenda mzunguko mmoja peke yake, likasimama.

Kama Manal alipita saa hiyo kuchukua hotpoti zake, Mwamvita hawezi kusema, kwa sababu naye alikuwa amelala.