Buibui wa Kitalu cha Saba

Jumanne asubuhi, katika shamba la chai mlimani juu ya mji wa Hatton, Pakkiyam alijipaka sabuni miguuni kuzuia ruba, akajitwika kamba ya kikapu utosini, akaingia Kitalu cha Saba kuchuma. Usiku wa kuamkia siku hiyo buibui walikuwa wametanda shuka zao za utando juu ya michai. Walikuwa wadogo kuliko punje ya ulezi, na kila shuka ilikuwa na urefu na umbo la mtu aliyelala.

Wachumaji walizikwepa, wakaendelea na kazi. Kila mmoja alijua nani yuko chini. Shamba halikuwahi kuwapa makaburi. Waliokufa walifukiwa kati ya mistari, chai ikapandwa juu yao kana kwamba ni samadi.

Mamake Pakkiyam alizikwa humo miaka kumi na mmoja iliyopita. Siku ya tatu, siku ya kumwagia kaburi maziwa, mnyapara alimkatalia ruhusa. Alipotoka kazini, mistari ilikuwa imeshapandwa, na hakujua tena mama yuko wapi. Sasa alimtambua kwa shuka yenye shingo iliyopindishwa na kikapu. Akamwamkia, akamwahidi maziwa Jumapili.

Ijumaa akaja mtafiti wa chuo kikuu, mtu mpole. Alihesabu shuka mia tatu na kumi na nne, akasema buibui hao hawapatikani kwingine kokote duniani, akachora ramani yao. Wanawake walimweleza kilichoko chini. Aliandika kwamba udongo una rutuba.

Kampuni iliyokuwa imewanyima watu ekari moja ya makaburi kwa miaka sitini iliwapa buibui ekari tisa kwa siku moja, ikazizungushia na seng'enge.

Jumapili Pakkiyam alimkuta jirani yake Vadivel kwenye lango la seng'enge, amevaa sare mpya ya ulinzi.

“Rudi, dada. Maziwa yanawasumbua buibui.”

“Na baba yako humo ndani, nani anamsumbua?”

“Nina watoto watatu, dada. Usinitie matatani.”

Akaenda kwa meneja. Meneja alimsikiliza hadi mwisho.

“Niletee karatasi inayoonyesha mama yako yuko pale,” alisema. “Buibui wanayo yao.”

Pakkiyam alitoka, chupa ya maziwa mkononi.

Jumatatu waliletwa watalii. Mmoja aliinama mbele ya shuka ya mamake Pakkiyam, akasema ni nzuri mno. Kisha akamwomba Pakkiyam, aliyekuwa akichuma ng'ambo ya seng'enge, asogee, anaharibu picha.

Akasogea. Zilikuwa zimebaki kilo tisa kutimiza kipimo cha siku.