Filamu Kwenye Shuka la Berthe

Jumatatu moja ya mwaka 1981, huko Nyakasanza, Berthe alianika shuka jeupe nyuma ya nyumba, kisha akakaa kuchambua maharage. Jua lilipozama, filamu ilianza kwenye shuka. Hapakuwa na mashine wala umeme. Berthe aliweka ungo chini, akatazama.

Alimtambua dada yake, Adeline. Kabla ya uhuru, mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alipiga filamu bubu kule Mahagi-Port, kando ya ziwa: msichana anampenda karani, karani hamtaki, msichana anajitupa ziwani. Adeline alikuwa msichana, Hubert karani. Hawakuhitaji kufundishwa sana, maana Adeline alimpenda Hubert kwelikweli, na Hubert hakumtaka. Baadaye mzungu alisema filamu imeungua. Hubert akasema Adeline amevuka kwenda Uganda na mvuvi. Mama yao alikufa akimlaani binti yake, na Berthe mwenyewe hakulitaja tena jina lile nyumbani mwake.

Kwenye shuka, Adeline aliingia majini hadi kifuani, kisha hadi shingoni. Akageuka. Aliinua mkono, ukazama, akauinua tena. Kinywa kilifunguka bila sauti, lakini kila mtu angeweza kusoma alichoita: Hubert. Ufukoni, Hubert aliitazama kamera kama mtu anayeomba ruhusa, akabaki pale pale. Kisha yakaonekana maji tu, kwa muda mrefu.

Asubuhi Berthe alilifua shuka kwa sabuni nyingi. Filamu haikutoka. Jioni ilianza tena, na majirani walikuja na viti vyao.

“Hii haiko kucheza,” alisema Suzanne wa nyumba ya pili. “Huyu mutoto iko anakufa.”

Hubert sasa alikuwa katekista mkuu. Berthe alimfuata parokiani.

“Papa Hubert, taja jina ya Adeline mu misa ya wafu. Ni ile tu nakuomba.”

“Muzungu alikataza mutu kupita mbele ya kamera,” alisema Hubert. “Nilikuwa kijana.”

“Sikukuuliza ile.”

Hubert alifunga dirisha taratibu. “Watu wote banajua alienda Uganda. Nikisema alikufa, batauliza ni nani alibadanganya.”

“Ni weye.”

“Salimia batoto, Mama Berthe.”

Kwenye misa ya wafu majina yalisomwa, la Adeline halikuwamo. Berthe alilisema mwenyewe, kwa sauti, na kwaya ikaanza kuimba juu ya sauti yake.

Jioni ile Hubert alikuja kutazama. Watu walisimama kumpisha, Suzanne akampa kiti chake mbele kabisa. Alitazama bila kutikisika. Adeline alipoita, maji yalianza kutiririka kutoka kwenye pindo la shuka, yakatambaa hadi kwenye viatu vyake.

Wanaume wawili walimsaidia kusogeza kiti nyuma, asilowe.