Sijambo ya Anudari

Farasi alimaliza wa tano, Anudari akamaliza chini. Hivyo ndivyo watu wa tarafa walivyokuja kuisema siku ile ya Naadamu, sikukuu ya mbio za farasi na mieleka, na wakaicheka kidogo, maana walikuwa bado hawajajua. Farasi akivuka mstari bila mpandaji wake anahesabiwa vilevile, na watano wa kwanza hupewa medali. Kwa hiyo Dashzeveg, baba wa mtoto na mfunzi wa farasi, alikuwa ameshazungukwa na watu wanaogombania kugusa jasho la mnyama wapate baraka, wakati Anudari, binti yake wa miaka tisa, amekaa kwenye vumbi hatua mia mbili nyuma, ameushika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia. Hakulia.

Gari la zahanati lilikuwa limeegeshwa palepale, karibu na mahema yalimouzwa maziwa ya farasi. Dereva alikuwa amelala na hakuna aliyemwamsha. Walimwita Khorloo.

Na wangemwita nani mwingine? Khorloo, mama yake Dashzeveg, alikuwa muunga mifupa, kama baba yake na babu yake, na kwa miaka arobaini mabega ya wapiga mieleka wa tarafa nzima yalikuwa yamerudishwa mahali pake na mikono yake miwili. Alikuja anahema, akapiga magoti, akakitazama kiwiko cha mjukuu wake. Kilikuwa kimeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Kila kiwiko alichokishika maishani mwake alikianza na mifupa mitatu: ncha ya nyuma na vifundo viwili vya pembeni. Mkono ukikunjwa, mitatu hiyo hukaa pembetatu. Kiungo kikiteguka, pembetatu huharibika. Mkono ukivunjika juu ya kiwiko, pembetatu hubaki nzima, na hapo muunga mifupa anayejua kazi yake huondoa mikono na havuti. Baba yake alimfundisha hayo kwenye kiwiko chake mwenyewe, amemfunga binti yake macho kwa kitambaa. Sasa Khorloo aliitafuta mifupa hiyo ndani ya uvimbe. Wa kwanza aliupata. Wa pili alidhani ameupata. Wa tatu alibahatisha.

Dashzeveg akafika, uso unang'aa.

"Mama, si kimeteguka tu hicho? Kirudishe basi. Sasa hivi wanatuita jukwaani."

Angekuwa mtoto wa mtu mwingine, Khorloo angesema ngoja. Lakini alikuwa wa kwake, watu wameshaziba njia, simu zimeinuliwa juu zinapiga picha, na yeye ndiye Khorloo. Akavuta.

Kiungo kinachorudi hutoa mlio mmoja mzito, na mgonjwa hushusha pumzi. Alichosikia Khorloo kilikuwa kikavu, kama chumvi ya mawe inayosagwa, na alikisikia kwenye vidole zaidi ya masikio. Alijua. Watu wamemtetea sana baadaye kwamba hakujua, lakini alijua, na bado akafungua kinywa akatangaza mbele ya wote: "Kimerudi."

Akaukunja mkono sana, akauzungushia sufu, na juu yake akafunga kanda za ngozi mbichi ya mbuzi, kwa desturi ya ukoo wao. Ngozi ikikauka hujikaza na kuishika mifupa isicheze. Anudari akapandishwa jukwaani, akavishwa medali, akasimama wima mpaka sifa za farasi zilipoimbwa zikaisha. Wazee walimsifu. Mtoto huyu kapata malezi, walisema.

Naam, kapata malezi, na malezi hayo ndiyo yaliyommaliza. Watu hawa ukimsalimu hata aliye mahututi atakujibu hajambo. Habari mbaya hungoja chai inywewe kwanza, na kwa mtoto mwenye adabu hungoja mpaka aulizwe.

Asubuhi iliyofuata Khorloo aliingia hemani mwa mwanawe.

"Hujambo, mjukuu wangu?"

"Sijambo, bibi. Wewe umelalaje?"

Wageni waliokuja kwake na mikono yao aliwahoji kama polisi: panauma wapi, vidole vinacheza, vimekufa ganzi? Kwa Anudari hakuuliza hata moja. Aliogopa jibu. Aliichukua ile sijambo, akaenda nayo kukamua farasi, na mchana kutwa alijirudishia moyoni kwamba mtoto kasema mwenyewe.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo, hujambo, sijambo. Ngozi ilikuwa imeshakauka ikawa ngumu kama ubao. Mtoto alilala amegeukia ukuta wa hema na alikataa hata mafuta ya mkia wa kondoo aliyokuwa akiyagombania na binamu zake. Uchovu wa mbio huo, alisema Dashzeveg, ambaye alikuwa bado anapokea wageni wa pongezi.

Siku ya tatu asubuhi Khorloo alimpa bakuli la chai. Cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, basi Anudari akautoa na ule wa kushoto. Vidole vilivyochungulia kwenye sufu vilikuwa vyeupe, vimejikunja, na bakuli likaviponyoka chai ikamwagika. Khorloo alivigusa. Vilikuwa baridi. Alijaribu kukinyoosha kimoja tu, na mtoto akaing'ata kola ya joho lake, macho yakamtoka.

"Unauma tangu lini huu?"

"Tangu uliporudisha, bibi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Khorloo akachukua kisu cha kuchinjia, akazikata zile kanda.

Hospitali ya mkoa ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari. Daktari, mwanamke kijana, hakumfokea mtu. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa Anudari kutafuta mapigo ya mshipa, akakaa navyo muda mrefu mno. Aliminya ukucha, akangoja wekundu urudi. Alimwomba mtoto aunganishe dole gumba na kidole cha shahada afanye pete, na pete haikufanyika. Picha ya eksirei ilipotoka aliiinua kwenye mwanga na kuwaonyesha: mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, pale ulipo mwembamba, na ncha yake imesogea mbele ikabana mshipa wa damu. Khorloo aliitafuta ile mifupa yake mitatu kwenye picha. Pembetatu ilikuwa nzima.

Walimpasua siku hiyohiyo. Mfupa ulirudishwa, ukashikizwa kwa vyuma viwili vyembamba, na mkono ukachanwa kuanzia kiwiko mpaka karibu na kiganja ili nyama iliyovimba ipate nafasi. Baadaye daktari alieleza, taratibu. Wangemleta siku ileile, mkono umefungwa banzi bila kukazwa na bila kuvutwa, vingetosha vile vyuma viwili na plasta ya wiki tatu au nne, na angepanda farasi kabla ya theluji. Lakini nyama isiyopata damu huvumilia saa chache tu. Hii ilikosa karibu siku tatu. Iliyokufa haifufuki, ila husinyaa na kuvivuta vidole kiganjani.

"Mlikuwa mnangoja nini, bibi?" aliuliza. "Hakusema kama anaumwa?"

"Nilimsalimu," alisema Khorloo. "Akanijibu hajambo."

Daktari alikuwa mtu wa hukohuko. Jibu hilo alilijua tangu utotoni.

Tangu hapo waliokuja na mabega na viwiko Khorloo aliwaelekeza zahanati, nao wakasema siku hizi anaringa. Dashzeveg alipata mpandaji mwingine kabla majani hayajakauka. Hakuwahi kumlaumu mama yake kwa neno hata moja, na Khorloo angetoa chochote amlaumu.

Mwezi Mweupe ukaingia, mwaka mpya wao. Siku hiyo mdogo humwendea mkubwa amenyoosha mikono yote miwili, viganja juu, akaviinua viwiko vya mkubwa kutokea chini, yaani mimi ndiye tegemeo lako. Khorloo, mkubwa kuliko wote, alikaa ndani ya hema, upande wa nyuma, katika joho la buluu, na ukoo ukapanga mstari.

Ilipofika zamu ya Anudari, mkono wa kulia ulikuja wazi ukamshika kiwiko. Wa kushoto ulikuja mfupi, umekunja ngumi, haukuweza kugeuka. Ulimgusa kwa mafundo ya vidole tu, na baridi yake ilipenya joho.

"Hujambo, mjukuu wangu?" Neno lilimtoka kwa mazoea kabla hajalizuia.

"Sijambo, bibi."

Khorloo hakumwachia. Walio nyuma wakaanza kuchungulia kuna nini.

"Nakuuliza sasa," alisema. "Mkono unauma?"

Anudari aliutazama mkono wake, akafikiri vizuri, kwa kuwa leo ameulizwa.

"Hapana, bibi. Huo hauumi tena. Hata ukiuchoma."