Pazia la Ijumaa

Niseme mapema, nisije nikaonekana mnafiki: lile pazia jekundu nililitengeneza mimi mwenyewe, na nililifurahia. Ukibonyeza kitufe cha dhahabu linagawanyika katikati, maua ya njano ya sayapatri, yale ya kutungia mashada, yanadondoka kutoka juu ya skrini, na tarumbeta zinalia. Lilinichukua siku mbili nzima. Ile kazi yenyewe ya kutafuta damu, ambayo ndiyo tovuti ilijengwa kwa ajili yake, hakuna mjumbe hata mmoja wa kamati aliyewahi kuniuliza inakwendaje.

Naitwa Rashmila Shakya. Natengeneza tovuti, na chumba changu cha kazi kiko ghorofa ya tatu juu ya duka la dhaka, vitambaa vyetu vya kufumwa kwa nakshi, hapa Tansen, mji wetu wa vilimani. Sijaajiriwa na mtu, ndiyo maana kila mteja hujiona bosi wangu. Nimeshatengeneza tovuti za hoteli, za shule, na ya fundi wa mitungi ya shaba aliyetaka picha ya mama yake izunguke kila ukurasa. Ikazunguka. Nimezoea. Lakini Kamati ya Damu ilinitoa roho.

Mwenyekiti wake ni Tekraj Gyawali, mwenye duka la mabati na rangi. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Yeye na wenzake walipanda na kushuka vilima vyetu miezi minne wakikusanya fomu za watu walio tayari kutoa damu. Fomu mia nne na kumi na mbili. Nilizichapa zote, nikapiga simu moja baada ya nyingine kuhakikisha namba. Ukitaka damu unachagua kundi lako, unaona nani yuko karibu, unampigia. Basi. Mtoto wa darasa la nne angeweza kuitumia.

Tovuti ilikuwa tayari mwanzoni mwa Jestha, mwezi wetu wa kabla ya mvua. Nikamwambia Mwenyekiti naiweka hewani kesho.

"Hewani? Mdogo wangu, una haraka ya kwenda wapi?" akasema. "Tutamwalika Mheshimiwa mbunge aizindue. Pandit wa hekalu ataangalia nyota atupe saa njema. Kitu kizuri hakifunguliwi kama dirisha la choo."

"Kaka, watu wanaumwa kila siku. Hawasubiri saa njema."

"Wamekaa miaka yote bila tovuti, watashindwa wiki mbili?"

Wiki mbili zikawa tano. Mara Mheshimiwa yuko Kathmandu, mara ana harusi ya mpwa wake, mara Pandit kasema siku hiyo ina nyota mbaya. Wakati huo wote, mtu yeyote aliyeandika anwani yetu alikuta picha ya Mwenyekiti akiwa na shada shingoni, na maneno: Itazinduliwa hivi karibuni. Waliniagiza pia niondoe mstari mdogo wa chini wenye jina langu, namba yangu ya simu na mahali nilipo. Katibu alisema unaharibu heshima ya ukurasa. Nikajifanya nimesahau.

Hatimaye ikapangwa Ijumaa, saa tano na robo asubuhi. Mabango yakabandikwa mpaka kituo cha basi.

Jumatatu ya wiki hiyo nilikuwa nakunywa chai na chiura, mchele uliopondwa, nikasikia mtu anapanda ngazi mbio. Alipofika mlangoni alishika fremu akihema. Kijana wa miaka thelathini hivi, koti limelowa mvua.

"Dada, wewe ndiye Rashmila? Wa tovuti ya damu?"

"Ndiye. Kaa kwanza."

"Sikai. Mke wangu yuko hospitali, amejifungua, damu haikatiki. Ni O hasi. Benki ya damu hawana hata chupa moja. Butwal wanayo, lakini kilima kimeporomoka, barabara imefungwa tangu jana."

Jina lake Lokendra, dereva wa trekta. Mkewe anaitwa Tulsa. Alikuwa ameona bango, akafungua tovuti kwenye simu, akakutana na shada la Mwenyekiti. Akakimbia mpaka duka la mabati. Mwenyekiti akamwambia kwa upole kabisa kwamba orodha bado haijazinduliwa, atulie, hospitali hawakosi njia, na Ijumaa mambo yatakuwa mazuri. Yule kijana akarudi kwenye simu yake, akateremsha ukurasa mpaka chini, akaona ule mstari wangu mdogo unaoharibu heshima.

Nilifungua orodha kwa nenosiri langu. O hasi walikuwa watatu katika watu mia nne na kumi na mbili. Wa kwanza, mama yake akapokea: kijana ameshaondoka kwenda Qatar. Wa pili simu imezimwa. Wa tatu, Bishnu Pariyar, fundi cherehani wa Bartung.

"Hospitali gani?" aliuliza Bishnu. Nikamtajia. "Nashona sare za shule, ngoja nizime mashine. Dakika ishirini."

Alifika hospitali kwa dakika kumi na tano, uzi wa bluu bado umening'inia begani. Nami nilikuwa nimeshafika na Lokendra, sikuweza kubaki chumbani. Adhuhuri ilipofika, muuguzi mmoja mnene, Dada Gita, alitoka akasema Tulsa amefungua macho na anauliza mtoto ana nywele au hana. Lokendra alikaa pale pale kwenye ngazi za hospitali akalia bila kuficha uso. Mimi nilifurahi, halafu nikashikwa na hasira ambayo sijapata kuijua.

Kwa sababu Dada Gita aliniuliza, "Hiyo orodha mmeitoa wapi? Wiki iliyopita tulihitaji B hasi, tukatangaza redioni, akapatikana siku ya pili."

"Akawahi?"

Dada Gita aliangalia viatu vyake. "Mgonjwa hakuwahi."

Kwenye orodha yangu B hasi walikuwa watano. Mmoja anakaa nyuma ya hospitali, kutoka dirisha la wodi unaona nguo zake kwenye kamba. Wiki iliyopita walikuwa wamekaa nyuma ya pazia langu la maua. Mimi nilikuwa narekebisha sauti ya tarumbeta.

Nikatoa simu pale pale ngazini. Nikamwonyesha Lokendra mahali pa kubonyeza, akabonyeza yeye. Tovuti ikafunguka kwa dunia nzima bila tarumbeta wala ua moja. Dada Gita nikampa njia ya kuandika nani ametoa damu na lini, ili mtu asisumbuliwe kabla ya miezi mitatu kupita. Akaanza na Bishnu.

Jumanne asubuhi Mwenyekiti akanipigia. Sikuhitaji kuweka spika, jirani zangu wote walimsikia.

"Nani kakuruhusu? Nani? Mheshimiwa atakuja kuzindua kitu ambacho mji mzima umeshakifungua? Tutamvisha shada kwa kazi gani?"

"Kaka, kuna mwanamke amepona jana."

"Nimesikia, na namshukuru Mungu. Sasa ifunge."

"Niifunge?"

"Ifunge mpaka Ijumaa, ili afungue."

Nilimwomba arudie, nikidhani labda nimechanganyikiwa. Akarudia. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, ananiambia nifunge mlango ambao watu wanapita, ili aje mtu mkubwa aufungue tukimpigia makofi.

"Mdogo wangu, usinitie aibu," akasema, sauti imeshuka. "Mheshimiwa ameahidi gari la kubebea damu. Akiudhika, gari hatulipati. Na wewe, ile kazi ya tovuti ya manispaa, nani amekutaja jina? Mimi."

Ile kazi niliitaka sana, sitadanganya. Na gari la damu ni jambo la kweli. Nikamwambia sawa.

Kisha nikafanya ujanja ambao siuonei fahari, ila siujutii. Niliwatumia wajumbe wa kamati kiungo nikawaambia wajaribu kama pazia liko sawa. Kila aliyekibonyeza, simu yake ikawa inaonyesha pazia tu kuanzia hapo. Mji mzima uliona tovuti iliyo wazi. Watu kumi na mmoja waliona pazia, na wote walikuwa wajumbe. Jumatano Katibu akanitumia ujumbe: Safi sana, sasa imefungwa vizuri. Siku hiyo hiyo Dada Gita alipata watu wawili wa A chanya.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Viti vya plastiki, taa ya mafuta ya shaba, wasichana na masinia ya tika, ile rangi nyekundu ya kupaka wageni kwenye paji la uso, na meza ya mbele yenye kompyuta yangu iliyovalishwa kitambaa cha dhaka. Saa tano na robo ikafika, Mheshimiwa hayupo. Saa njema ikapita tukila biskuti. Pandit akafungua kalenda yake akagundua nyingine, bora zaidi, saa saba kasoro dakika nane. Nikatazama juu kwenye dari nisije nikasema neno. Wiki tano watu walikatazwa damu kwa heshima ya saa njema, na kumbe saa zenyewe zimejaa tele kwenye mfuko wa Pandit.

Mheshimiwa akaja. Akavishwa mashada mpaka kidevu kikapotea. Mwenyekiti akahutubia dakika arobaini, akawashukuru watu wote walio hai na baadhi ya marehemu. Halafu kidole cha Mheshimiwa kikashuka kwenye kitufe cha dhahabu. Pazia likagawanyika, maua yakadondoka, tarumbeta zikalia, ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Haya, tujaribu!" Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti. Alikuwa mtu wa uchangamfu. "Kundi lipi ni adimu?"

"O hasi, Mheshimiwa!" Mwenyekiti alijibu, akatabasamu.

Akachagua O hasi. Ukutani, projekta ilikomulika, yakatokea majina kwa herufi kubwa, la aliyetoa damu karibuni likiwa juu. Mheshimiwa akalisoma kwa sauti: "Bishnu Pariyar, Bartung. Ametoa damu Jumatatu. Atapatikana tena baada ya miezi mitatu." Akasita. "Jumatatu? Leo si Ijumaa? Sasa mimi nimefungua nini?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mwenyekiti alinitazama kwa jicho la kuniua, halafu akakikamata kile kipaza sauti.

"Ni mfano tu, Mheshimiwa. Mafundi hawa huweka majina ya mfano, kwa majaribio. Rashmila, si ndiyo?"

Ilikuwa njia rahisi mno. Neno moja tu, ndiyo, na ningepata tovuti ya manispaa, na wao wangepata gari lao, na Mheshimiwa angekwenda kula. Nilifungua mdomo. Sijui hata sasa nilitaka kusema nini.

"Mke wangu si mfano."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na mlango. Lokendra alikuwa amesimama, kofia mkononi, bado na lile koti. Hakuna aliyemwalika. Alikuja kumshukuru Mwenyekiti, aliniambia baadaye, kwa sababu alidhani ndiye aliyetoa ruhusa.

"Anaitwa Tulsa," akasema. "Yuko kitanda namba tisa. Mtoto ana nywele."

Mwenyekiti aliketi taratibu, akatazama mikono yake kana kwamba si yake. Hapo mpiga picha, maskini wa Mungu, akanyanyua kamera.

"Mheshimiwa, samahani, kidole hakikutoka vizuri. Tunaomba ubonyeze tena."

Nikarudisha pazia, kwa mazoea tu. Mheshimiwa akanyoosha kidole. Kabla hakijagusa akanigeukia, na mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni.

"Binti, hiki kitufe hasa kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu, Mheshimiwa," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi. "Kinaangusha maua. Tovuti imefunguliwa Jumatatu, na yule pale aliyesimama mlangoni. Ilichelewa wiki tano kwa sababu ya kidole chako, na mgonjwa wa B hasi alikufa ikiwa imefungwa."

Kidole kilibaki hewani. Mpiga picha hakupiga. Nikakikunja kitambaa cha dhaka, nikafunga kompyuta yangu, nikatoka kwa mlango wa nyuma.