Dole Gumba la Mjenzi wa Madaraja

Madaraja makubwa ya nchi hii nayajua yote: Rufiji, Kilombero, Malagarasi, hata lile refu la Kigongo na Busisi linalokatiza ziwani. Nayajua kwa sababu yamo kwenye kalenda niliyotundika ukutani. Safari yangu ndefu kuliko zote ni ya kutoka hapa Mlali kwenda Dodoma mjini, nayo nilitapika kabla hatujapita Ihumwa.

Kwa hiyo Octavian alipotoka Makole, huko Dodoma mjini, kuja kumposa mjukuu wangu Yasinta, akasema matatu kati ya madaraja hayo kayasimamia yeye, sikuwa na la kubisha. Mwanangu Joel, baba wa binti, nusura apige magoti. Sisi hapa tuna korongo linalotutenga na barabara. Kiangazi ni mchanga mtupu, tunachimba maji humo humo. Mvua ikianza linabeba ng'ombe na mchungaji wake. Joel akaona kapata mkwe na daraja siku moja. Angemtoa binti jioni ile ile na kuku juu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, lakini bibi ana ruhusa ya kumtania mposaji atakavyo, maana naye ni mke.

"Shikamoo bibi."

"Bibi ni nani hapa? Mimi ndiye mke mkubwa. Mume wangu, nichinjie jogoo yule."

Mjenzi wa Malagarasi akamshika jogoo kama anayeshika waya wa umeme. Kisu kikakosa shingo kikapata kidole gumba chake. Jogoo akaenda zake. Nikachana pindo la kanga yangu kuukuu, ile yenye korosho nyekundu, nikamfunga.

"Nguzo za Malagarasi ulikuwa unashikiwa nyundo na nani, mume wangu?"

"Mimi kazi yangu ni kusimamia, bibi."

"Basi tuletee picha, tuone ulivyosimama."

Joel akanivuta pembeni, eti namfukuzia bahati. Yasinta, anayesomea uuguzi, akanifuata jikoni. "Bibi, mimi nampenda. Lakini kila nikimwuliza kazini kwake ni wapi, ananitajia mto mwingine. Baba akishapokea posa sitaweza kuuliza tena."

Jumapili iliyofuata Octavian akarudi na bahasha. Joel akazipokea picha kwa mikono miwili, kama anayepokea sakramenti.

"Hii Malagarasi," Octavian akaeleza. "Ndiyo kwanza nimetoka chuo. Hii Kilombero, miaka kadhaa baadaye. Na hii Busisi, siku tuliyomaliza."

Kote humo kavaa kofia ngumu, kasimama mbele ya daraja, kanyanyua dole gumba juu, anacheka. Sura haikuwa imezeeka hata kidogo. Nikasema labda saruji inatunza ngozi.

"Mama, umeona?" Joel akanisogezea.

"Nimeona. Mume wangu, nikuulize kama mke?"

"Uliza tu, mke wangu." Alikuwa ameshaanza kuuzoea utani.

"Kanga yangu nimeichana wiki iliyopita, hapo mlangoni. Malagarasi ilifikaje, na wewe ndiyo kwanza umetoka chuo?"

Joel akazinyakua zile picha. Malagarasi: dole gumba, kitambaa, korosho nyekundu. Kilombero: korosho. Busisi nako korosho. Akazirudia kama anayetafuta picha ya nne itakayomwokoa.

Octavian akauondoa mezani taratibu mkono wenye kitambaa, akauzamisha mfukoni.

"Bibi," akasema, "kanga za korosho zipo nyingi nchi hii. Na mimi kidole hiki nimekuwa nikikiumiza mara kwa mara kazini."

Yasinta akainuka. Akaushika ule mkono, akautoa mfukoni kwa upole, kama anavyofundishwa kuwashika wagonjwa, akaulaza mezani kando ya Malagarasi. Hata fundo lilikuwa lile lile nililolifunga mimi.

"Baba," akasema, "angalia mwenyewe."